Datsun 240Z ya 1972: nataka kubadilisha saspensheni yote ya nyuma, nianzie wapi?

zedi_wa_ngara
Wazito salamu. Niko Nairobi, niko na Datsun 240Z ya 72, usukani wa kulia, injini bado ni L24 yake na inavuta fiti kabisa, shida yangu ni nyuma. Ukiachia klachi kuondoka unasikia KONG nyuma ya mgongo. Ukiingia kona kali Limuru Road na mguu umekanyaga halafu uachie, nyuma inahama kidogo yenyewe alafu inarudi. Tairi za nyuma zinaliwa upande wa ndani. Na ukipita bampu mbili zikifuatana gari inaendelea kudunda hata bampu zimeisha. Nimeona seti za koilova (springi na shoki pamoja, kimo unarekebisha) online, nne kwa pamoja, nyuma springi za kilo 4 kwa milimita (kilo 4 kuibana milimita moja), naweza kushusha gari inchi 2, na nimeona pia seti nzima ya bushi (zile laini za kwenye viungio) za poli nyekundu, yaani plastiki ngumu badala ya mpira. Naweka hizo zote mara moja nimalize hii stori. Gari ni ya wikendi tu, Naivasha, Nanyuki, na siku moja ningetaka niipeleke Concours pale Ngong Racecourse. Nipeni maoni kabla sijalipa.

slammed254
Shusha hiyo kitu bro. Zedi ikikaa juu inakaa ni kama Probox. Koilova kwanza maswali baadaye 😂

fundi_wa_makupa
Mwanangu zedi, shikilia pesa yako kwanza. Uliyoandika hapo ni maradhi manne tofauti, na hizo koilova zitatibu moja tu, lile la kudunda, kwa sababu shokabzoba zako zimekufa. Matatu yaliyobaki yatakungoja pale pale, na mengine yatazidi.

Tuanze na huo mshindo. Difu ya 240Z (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa tairi mbili) ni aina ya R180, imeshikwa nyuma na ile baa ya masharubu, na mbele chini ya pua yake kuna maunti ya mpira. Ukikanyaga mafuta pua ya difu inataka kupanda juu, sasa kiwandani wakaweka na mkanda unaopita juu yake kuizuia. Mpira wa maunti ukishaachana na chuma, difu inaruka mpaka ifike kwenye mkanda, na mkanda wenyewe wa miaka hamsini umeshalegea, ndio hiyo KONG unayoisikia. Weka jeki chini ya pua ya difu, kipande cha mbao katikati, inua taratibu na mtu atazame na tochi. Ukiona mpira unafunguka kama mdomo basi umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi.

Hapo hapo shika hafshafti (shafti ya kutoka difu kwenda tairi) kwa mkono uzungushe huku na huku. Kila moja ina krosi (viungo vya msalaba) mbili, na propela (shafti ndefu kutoka gia boksi hadi difu) nayo ina zake mbili, jumla sita. Krosi ikiwa imekauka utasikia tik tik mkononi. Na zile hafshafti za 240Z zina sehemu ya kuteleza katikati, ndani mna goroli, ikikosa girisi inang'ang'ania wakati tairi inapanda na kushuka, mtu anafikiri ni shoki kumbe ni shafti.

Nyuma kuhama kwenye kona: bushi. Amu ya chini (mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi) kila upande ina mbili za ndani kwenye bodi na mbili za nje kwenye pini, nane kwa gari zima. Zikiisha, ukikanyaga mafuta amu inavutwa upande huu, ukiachia inarudi upande ule, tairi inageuka kidogo kama inayopigwa usukani. Gari inakuwa na usukani wa pili ambao haukuombwa.

Tairi kuliwa ndani: springi zimechoka, gari imekaa chini, na kwenye Zedi nyuma ikishuka tairi zinalala vichwa ndani. Sasa wewe unataka kuishusha inchi 2 zaidi. Haya.

slammed254
Mzee umemaliza maneno lakini bado inakaa Probox

zedi_wa_ngara
Asante sana mzee wangu. Nimecheka hapo kwa usukani wa pili lakini ndio hivyo hasa inafanya. Jioni nitaipandisha kwa stendi niangalie hiyo maunti. Swali: bushi nabadilisha mwenyewe? Niko na spana zote na jeki kubwa, presi naweza enda kwa jamaa wa Industrial Area.

zed_maskati
Ndugu yangu, niko Maskati, Zedi yangu ilitoka Marekani kwenye majimbo ya theluji na chumvi ya barabarani. Bushi za ndani utazitoa bila shida ya ajabu. Za nje hapo ndipo penye kiama. Soma hii kabla hujashika nyundo.

Chini ya nguzo ya shoki (ile strati yenyewe, kipande cha chuma cha kumimina) inapita pini ndefu kutoka mbele kwenda nyuma, ndio inayoshika amu. Watu wa Zedi dunia nzima wanaiita spindo pini. Katikati yake kuna kabari ndogo yenye nati, inaifunga pini isizunguke. Watu wengi wanaanza kupiga pini kwa nyundo kabla ya kutoa kabari, hapo unapigana na gari ambalo haliwezi kushindwa. Fungua nati ya kabari kwanza, iache ishikilie nyuzi chache ili usiharibu uzi, gonga kwa nyundo ya shaba, itoke.

Kisha ndio pini. Hii imekaa humo tangu 1972 na maji yameingia kwa bushi zilizokatika, imeshikana na chuma kama imechomelewa. Usiigonge kwenye ncha, ncha ina uzi, ukiipiga itafunguka kama uyoga na haitapita tena tundu lolote. Mimina mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa mfululizo. Tumia pula, bomba nene na boliti ngumu ya daraja la juu inayoshika uzi wa pini, unaivuta badala ya kuisukuma. Ikigoma kabisa, kata pini pande zote mbili kwa msumeno pale kwenye nafasi kati ya amu na nguzo, amu inatoka, halafu kile kipande kilichobaki katikati peleka presi kubwa. Moto unasaidia lakini kumbuka beringi za tairi na sili zake ziko hapo juu tu.

Kwa hiyo agiza spindo pini mbili mpya na kabari zake KABLA hujaanza. Zinapatikana. Mtu anayeanza kazi hii bila pini mpya mkononi gari lake linakaa kwenye matofali mpaka majirani wanalitundikia nguo.

Wakati wa kurudisha paka girisi ya shaba pini nzima, na kile kibonde cha pini kielekee sawasawa na tundu la kabari, usiilazimishe.

BabaChesi
Wakuu mimi ni wa Dar, sina Zedi nina Datsun 1600 SSS, ila hili la bushi nina neno. Hapa Gerezani kuna mafundi kereza wazuri mno, watakuchongea pula hiyo ya @zed_maskati wakati unakunywa chai. Hata Nairobi najua mnao. Usinunue mtandaoni kwa dola.

Neno langu ni kuhusu poli. Hizi bushi nyekundu zimekuwa kama fasheni, kila mtu anazitaka, na hakuna anayesema upande wa pili. Bushi ya mpira ya kiwandani imegandishwa na bomba lake la chuma, haizunguki, ule mpira wenyewe ndio unajinyonga. Faida yake haina haja ya girisi na vumbi halina pa kuingilia. Sharti lake ni moja na mafundi wengi wanalivunja: boliti za bushi za mpira unazikaza mwisho GARI LIKIWA LIMESIMAMA CHINI na uzito wake kwenye tairi. Ukizikaza likiwa juu ya stendi amu zimening'inia, ukishusha gari bushi zote zinakaa zimenyongwa muda wote, hazimalizi mwaka, na gari linakaa juu kuliko kawaida mtu anafurahi eti springi mpya zimelipandisha.

Poli inazunguka juu ya chuma, inataka girisi yake maalumu, usiweke girisi ya kawaida ya petroli. Ukiwa na lami safi ni tamu, gari linanyooka. Ukiwa na njia ya vumbi baada ya muda itaanza kulia kwiii kwiii kila tuta, na mchanga ukiingia unasaga bomba. Mimi ningeweka mpira mpya wa maana kwa gari la wikendi. Na kwenye maunti ya difu usiweke poli kabisa, kelele za gia zitahamia kwenye kiti.

zed_maskati
BabaChesi kwa hapa Maskati mpira unakaangwa na joto, mimi poli imenifaa. Ila kwa Nairobi nakubaliana nawe.

kiambu_trakday
Sikubaliani na watu wa mpira. Nimeendesha Zedi mbili, moja mpira mpya moja poli, ile ya poli unaambia kona iende hapa na inaenda hapa. Hakuna kusubiri. Kama mtu anataka starehe anunue Mercedes. Na kelele ya kwiii ni uvivu wa kutoa bushi upake girisi tena.

BabaChesi
Kutoa bushi upake girisi tena kunapitia kwenye ile pini, mkuu. Uliisoma vizuri habari ya pini?

kiambu_trakday
Hiyo nayo ni point 😅 lakini kama pini imewekwa girisi ya shaba itatoka.

zedi_wa_ngara
Update wakubwa. Maunti ya difu: mpira uko vipande viwili kabisa, nimeinua na jeki difu ikapanda bila aibu. Mkanda wa juu una nyuzi zimechanika. Krosi za hafshafti ya kushoto zimekauka, za kulia ziko sawa. Bushi za ndani naona mpira umetoka nje kama ulimi. Shoki za nyuma zote zina mafuta nje. Mzee wa Makupa ni kama ulikuwa chini ya gari yangu.

Sasa bado nataka kuelewa habari ya springi. Kilo 4 ni nyingi? Seti wanasema ni "street".

hesabu_kwanza
Ngoja nikufanyie hesabu boss, hii ndio sehemu watu wanauziwa upepo.

240Z ina uzito wa kama kilo 1050 hivi na karibu nusu iko nyuma. Kwa hiyo nyuma ni kama kilo 525, toa uzito wa tairi, breki, hub na nusu ya amu, unabaki na karibu kilo 230 kila upande ambazo springi ndio inabeba. Na kwa strati springi imekaa karibu moja kwa moja juu ya tairi, si kama gari zenye amu ndefu ambapo springi iko katikati, kwa hiyo kilo ya springi ni karibu kilo ya tairi.

Springi za kiwandani ni laini, haziwezi kufika kilo 2 kwa milimita, tuseme 1.8. Gawanya 230 kwa 1.8 unapata kama mm 128. Maana yake gari ikisimama tu springi imeshabanwa mm 128. Sasa weka springi ya kilo 4: 230 gawanya kwa 4 ni kama mm 57.

Hapo ndio kuna siri. Tairi ikikutana na shimo inatakiwa ishuke ifuate barabara. Ya kiwandani bado inasukumwa chini njia nzima mpaka shoki yenyewe imalize urefu wake. Ya kilo 4 ikishashuka mm 57 springi imelegea, haisukumi kitu, tairi inaning'inia hewani. Kwa lami ya trak hakuna shimo la mm 57 kwa hiyo haijalishi. Kwa barabara ya kwetu, we mwenyewe unajua.

Ukitaka ile hesabu ya kudunda: ya kiwandani inapiga kama mara 1.4 kwa sekunde, ya kilo 4 kama mara 2.1. Gari za kifamilia zinakaa karibu na 1 hadi 1.5. Ukifika 2 ushaingia nyumba ya gari za mashindano ya lami, na shoki lazima iwe ya kuzuia hiyo, shoki ya bei rahisi hapo itakutesa mpaka meno.

Mimi ningeenda kilo 2.2 mpaka 2.5 nyuma, urefu wa kiwandani au ushushe kidogo sana, sentimita 2 hivi. Shoki nzuri. Hiyo ndio "street" ya ukweli.

slammed254
Hesabu kwanza umeniharibia siku. Lakini na inakaa je?

hesabu_kwanza
Weka rimu za inchi 15 na tairi ya kiasi, itajaza fenda. Si lazima ushushe kila kitu bro.

mpenzi_wa_safari
Naona mnaongea Zedi na hakuna aliyegusa rali ya Safari, haiwezekani huu uzi uishe hivyo.

Hii gari ilishinda East African Safari 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Zedi nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka mmoja kabla Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda na 1600 SSS, aina ile ile ya gari la BabaChesi. 1973 Mehta akashinda na 240Z akiwa na Lofty Drews, na hiyo ndio ile ya maajabu, walimaliza pointi sawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, Mehta akapewa kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupoteza pointi.

Sasa angalieni picha za hizo gari. Ziko juu. Hakuna Zedi ya Safari iliyoshushwa. Gari inaruka inatua inaruka, na tairi za nyuma kila moja inahangaika na shimo lake. Muundo huu wa nyuma ndio watu wanauita Chapman strut, kwa sababu Colin Chapman wa Lotus alichukua strati ya MacPherson ya mbele akaipeleka nyuma, Lotus Elan ya 1962 inayo. Uzuri wake ni safari ndefu ya tairi na vyuma vichache. Ukiikata safari yake ili gari ikae chini umeiondolea kitu kile kile ilichokuja nacho.

fundi_wa_makupa
Umesema vyema, ila usiwadanganye vijana kwamba nyuma ya kujitegemea ndio ilishinda Safari peke yake. Katikati hapo 1972 alishinda Mikkola na Ford Escort RS1600, ekseli nzima kutoka tairi mpaka tairi na springi za majani. Na Mehta huyo huyo alipokuja kushinda mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982 alikuwa na Datsun za 160J na Violet, nazo nyuma ni ekseli nzima. Kilichoshinda ni gari lililoandaliwa, kila bushi na kila boliti inajulikana hali yake. Ndio maana namwambia zedi atengeneze alichonacho kwanza.

mpenzi_wa_safari
Mzee hapo umenifunga mdomo. Kweli kabisa.

kiambu_trakday
Okay nimekubali springi laini. Lakini stabilaiza (baa inayozuia gari kulala kwenye kona) je? Zedi za soko la Ulaya zilikuwa na stabilaiza ya nyuma, za Marekani za mwanzo hazikuwa nayo. @zedi_wa_ngara yako inayo? Ukiweka springi za kilo 2.3 na stabilaiza nene nyuma unapata gari iliyonyooka bila kuumiza mgongo.

zedi_wa_ngara
Yangu inayo lakini lingi zake (vijiti vya kuiunganisha na amu) zimeisha mpira, inagonga.

hesabu_kwanza
Badilisha lingi tu, acha ile ile ya kiwandani. Difu yako ni ya kawaida, haina LSD (kifaa cha kuzuia tairi moja kuzunguka bure). Ukiweka stabilaiza nene nyuma, kwenye kona inainua tairi ya ndani, difu ya kawaida inapeleka nguvu yote kwa tairi iliyo nyepesi, unabaki unasugua lami gari haiendi. Ukitaka gari isilale kwenye kona anza na stabilaiza ya mbele.

zed_maskati
Kwenye shoki: nguzo za 240Z ni bomba, shoki yenyewe ni inserti inayoingia ndani na kufungwa juu na nati kubwa ya duara. Angalia unachonunua, za 280Z bomba lake ni pana zaidi, inserti zake si sawa na zako, na wauzaji wengi wanaandika "fits Z" bila kujali. Ukiweka inserti mpya mimina mafuta kidogo ya injini ndani ya bomba kabla, yazunguke inserti, yanatoa joto lake kwenda kwenye bomba. Si mengi, ukiingiza inserti yasimwagike juu.

Na tafadhali: springi ibanwe na kompresa mbili za uhakika kabla hujagusa nati ya juu kabisa. Nati tatu zinazoshika nguzo kwenye bodi ziko ndani ya gari nyuma ya paneli, hizo fungua. Ile moja ya katikati usiiguse mpaka springi iwe inacheza ndani ya kompresa. Springi ya strati inaua mtu.

fundi_wa_makupa
Ahsante kwa kulisema hilo. Na zile kofia za mpira juu ya nguzo usizirudishe za zamani. Ukiwa pale pia kwangua rangi kwenye sahani ya chini ya springi, hapo matope yanakaa na chuma kinaliwa kimya kimya, na angalia bodi pale nguzo inapoingia pamoja na chasi pale amu inaposhikwa. Kama pana kutu, huko ndiko pesa ya kwanza inakwenda, koilova hata ya dhahabu haina maana ikifungwa kwenye biskuti.

mgeni_wa_zedi
Samahani nauliza, je yale matatizo ya tairi kuliwa ndani, baada ya kubadilisha springi na bushi si unaenda tu alaimenti wanarekebisha?

hesabu_kwanza
Nyuma ya 240Z haina marekebisho ya kiwandani. Hakuna boliti ya kuzungusha. Mtu wa alaimenti ataweka mashine, atakuonyesha namba nyekundu, atakuomba pesa, atarekebisha mbele. Nyuma ukitaka kurekebisha lazima uweke bushi za ndani zenye tundu lisilo katikati, au amu za kurefusha na kufupisha. Lakini springi zikirudi urefu wake na bushi zikiwa mpya na bodi haijagongwa, mara nyingi namba zinarudi zenyewe mahali pake. Pima baada ya kazi, si kabla.

kiambu_trakday
Amu za kurekebisha ni dawa kabisa. Niko nazo. Zina rod endi (kiungo cha chuma cha goroli kinachozunguka) kila ncha.

BabaChesi
Rod endi kwenye vumbi mkuu? Hizo ni chuma kwa chuma. Trak sawa. Ukienda nazo Nanyuki ukarudi zinacheza kama njuga.

kiambu_trakday
Kuna zenye kofia za mpira za kuzuia vumbi.

BabaChesi
Zinasaidia kidogo. Tukubaliane kutokubaliana.

zedi_wa_ngara
Sawa wazito, nimeamua. Koilova nimeacha, pesa imebaki na nimeigawa hivi: maunti ya difu mpya na mkanda mpya, krosi za hafshafti zote nne si mbili tu kwa sababu sitaki kuteremsha hii kitu tena, bushi nane za mpira, spindo pini mbili na kabari, inserti za gesi za kawaida, kofia za juu, lingi za stabilaiza, na springi za kilo 2.3 urefu karibu wa kiwandani. Jumla imekuwa chini ya ile seti ya koilova peke yake, nilishangaa. Pula nimechongewa na jamaa wa jua kali huku Grogan kutoka kwa mchoro wa @zed_maskati.

slammed254
Umeturudisha 1972 😭

mpenzi_wa_safari
1972 ilikuwa Escort. Rudi 1973.

zedi_wa_ngara
Update. Upande wa kulia pini ilitoka na pula, ililia kama mbuzi lakini ikatoka. Kushoto ilikataa, nikafuata ile ya msumeno, presi ya Industrial Area ikasukuma kipande cha katikati, mlipuko wake hata jamaa wa duka la pili walitoka nje. Bila pini mpya mkononi ningelia. Boliti za bushi nimezikaza gari ikiwa chini kwa tairi, nililaza mgongo kwa shimo la inspekshen na torchi mdomoni, BabaChesi ujue nilikukumbuka.

Matokeo: KONG imeisha kabisa. Nimeenda mpaka Naivasha kupitia barabara ya chini ya Mai Mahiu, ile teremko yenye malori, nikaachia mafuta katikati ya kona makusudi na nyuma haikuhama. Bampu mbili zinapita mara moja kwa moja na gari inatulia. Imepanda kidogo nyuma, nusu inchi hivi, wanasema springi zitakaa. Alaimenti nimepima, tairi za nyuma zimelala ndani kidogo tu na pande zote mbili ziko karibu sawa. Kitu kipya ni kwamba sasa nasikia mbele. Nyuma ikinyamaza mbele inaanza kuongea, bushi za tenshen rodi (fimbo inayoshika amu ya mbele isiende mbele na nyuma) naona zimechoka.

fundi_wa_makupa
Hivyo ndivyo gari la zamani linavyokwenda mwanangu. Tenshen rodi hapo usiweke poli pande zote mbili, zile rodi huwa zinakatika pale kwenye uzi. Mpira nyuma, au mpira kote. Fungua uzi mwingine wa mbele, huu tayari ni mrefu.

kiambu_trakday
Hapo kwa tenshen rodi hata mimi nakubaliana na mzee. Nimeona moja imekatika.

zed_maskati
Hongera. Ile pini ya kulia iliyotoka nzima usiitupe, kama uzi wake uko salama isafishe uihifadhi.

mgeni_wa_zedi
Boss zedi kama hiyo pini huitaji mimi naitaka, nimenunua 260Z Nakuru na upande mmoja fundi alishaipiga nyundo kabla sijasoma huu uzi. Nicheki inbox.